Pesa ya Oktoba: Bajeti ya Mwanafunzi Anayekwenda Ujerumani

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayekwenda kusoma Ujerumani kwa fedha za familia hutakiwa kutimiza sharti moja kubwa kabla ya kupewa viza: aweke euro 11,904 katika akaunti iliyofungiwa, ambayo wenyeji huiita Sperrkonto. Kiwango hicho kilianza Septemba 2024. Akishafika, fedha hizo hufunguliwa kidogo kidogo, euro 992 kila mwezi kwa miezi 12. Kiwanja kikishauzwa, au wajomba na shangazi wakishachangishana mpaka kiasi kikatimia, nyumba nzima hupumua, na bajeti huandikwa kwa dakika chache: 992 kwa mwezi, toa kodi ya chumba, toa chakula, toa bima, kinachobaki ni akiba. Bajeti ya namna hiyo ina kasoro hata pale kila tarakimu iliyomo ni ya kweli, kwa sababu haina tarehe. Mwanafunzi ugenini anaweza kuwa na fedha za kutosha kwa mwaka mzima na bado akakosa kodi wiki ya pili, kwa kuwa bili zimemtangulia kufika. Nakuomba basi uandike bajeti yako kwa tarehe kwanza, ndipo uje kwenye kiasi. Mifano yangu ni ya Ujerumani, maana ndiko sheria na viwango vilivyo wazi zaidi kukokotoa.

Kuna atakayesema kwamba serikali ya Ujerumani yenyewe ndiyo iliyokadiria hizo 992, na hakuna anayeijua gharama ya maisha ya huko kuliko wao. Hoja hiyo ina uzito, ila tazama kiasi hicho kilikotoka. Kimechukuliwa kwenye kiwango cha juu cha BAföG, mpango wa serikali wa kuwasaidia wanafunzi wa nyumbani: euro 475 za mahitaji ya kila siku, euro 380 za makazi, na euro 137 za bima ya afya na ya uuguzi. Jumlisha, utapata 992 kamili. Kwa maneno mengine, kimepimwa kwa kijana aliyekulia huko huko, ambaye mito na mablanketi yake yako kwa wazazi, asiyelipia viza wala kibali cha kuishi, na ambaye akikwama wiki mbili anapanda treni kurudi kwao. Hata kwa kijana huyo serikali iliona pengo la mwanzoni. Tangu muhula wa baridi wa 2024/25, vijana wa chini ya miaka 25 wanaotoka kwenye kaya zinazoishi kwa ruzuku hupewa euro 1,000 za mkupuo mmoja wanapoanza chuo. Msaada huo haukutungwa kwa ajili ya mgeni aliyeingia kwa akaunti iliyofungiwa, na usiuweke kwenye hesabu zako. Lakini kuwapo kwake kunathibitisha jambo ninalolisema: wale wale waliopanga kiwango cha mwezi wamekiri kwamba mwezi wa kwanza hauingii ndani ya kiwango hicho.

Tuchukue mwanafunzi wa kufikirika, aliyebahatika kupata chumba katika mji usio ghali, tuseme Leipzig. Kodi yake ni euro 380 kwa mwezi pamoja na maji na kupasha joto. Bila hizo ni 300. Oktoba, mwezi wake wa kwanza, atalipa kodi 380, ada ya muhula 250, bima ya afya 145, chakula 180, simu 15, kibali cha kuishi 100, na kama 150 za godoro, shuka, sufuria na sahani, kwa sababu vyumba vingi hukabidhiwa vitupu. Juu yake kuna amana ya chumba, Kaution, ambayo kisheria mwenye nyumba anaweza kudai hadi kodi ya miezi mitatu, ikihesabiwa bila maji na kupasha joto. Kwa mwanafunzi wetu amana hiyo ni 900. Sheria inamruhusu mpangaji kuilipa kwa mafungu matatu sawa, la kwanza mwanzoni mwa upangaji, kwa hiyo Oktoba anatoa 300. Jumla ya mwezi ni euro 1,520, na fungu lake ni 992; zimepungua 528. Novemba, pamoja na kodi, bima, chakula, simu na fungu la pili la amana, kuna koti la baridi la euro 100 na ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, inayodaiwa kwa miezi mitatu pamoja: 1,175, upungufu wa 183. Desemba ni 1,020, upungufu wa 28. Kuanzia Januari matumizi ya kawaida yanashuka hadi 720 na anaanza kubakiza. Ukikokotoa mwaka mzima, ukaweka na ada za mihula miwili ijayo pamoja na robo tatu zilizobaki za redio, anatumia 10,860 na kubaki na 1,044. Bajeti ya mwaka inamwambia ana ziada ya zaidi ya euro elfu moja. Bajeti ya tarehe inamwambia kwamba bila euro 739 za pembeni hafiki Januari. Kauli zote mbili ni za kweli, lakini ni ya pili tu inayomsaidia kulipa kodi.

Na hapo nimemfadhili kwa kudhani kwamba fungu la Oktoba limeingia Oktoba. Ili mafungu yaanze kutoka, benki au kampuni uliyofungulia Sperrkonto hutaka akaunti ya kawaida ya kupokelea, na baadhi yao hutaka pia cheti cha kuandikishwa kwa mamlaka ya mji, Anmeldung. Kuandikishwa kunatakiwa kufanyika ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, lakini katika miji mikubwa kama Berlin miadi ya ofisi hizo ni ya kugombania. Na hutaandikishwa bila barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umehamia kwake. Hapa ndipo mpango wa kufikia kwa Mtanzania au Mkenya mwenzako huleta shida isiyotazamiwa. Atakupokea kwa moyo mweupe, ila yeye mwenyewe ni mpangaji katika bweni la wanafunzi, na kwa kawaida hawezi kukupa barua hiyo. Mgeni wa wiki tatu kwenye chumba cha mita 12 za mraba pia anaweza kumgombanisha na uongozi wa bweni. Kwa hiyo mnyororo ni huu: hakuna chumba, hakuna barua; hakuna barua, hakuna Anmeldung; hakuna Anmeldung, na pengine hakuna 992. Mtu ana euro elfu kumi na moja kwa jina lake na hawezi kununua mkate. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kuwa na fedha nje ya akaunti iliyofungiwa, angalau euro 1,500, zinazoweza kutolewa siku ya kushuka uwanja wa ndege. Ukienda mji ghali, 2,500. Ukibeba taslimu, fahamu kwamba kuingia Umoja wa Ulaya na euro 10,000 au zaidi ni lazima uzitangaze forodhani. Chini ya hapo hakuna tatizo la kisheria, ila sioni busara ya kutembea na noti nyingi hivyo. Kadi ya benki ya nyumbani iliyojaribiwa kabla ya safari ni salama zaidi.

Pingamizi linalotolewa kwa nguvu kuliko yote ni la kazi. Sheria mpya ya Machi 2024 inamruhusu mwanafunzi wa nje ya Ulaya kufanya kazi siku 140 kamili au siku 280 za nusu kwa mwaka, badala ya 120 na 240 za awali, na kima cha chini cha mshahara tangu Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Zidisha siku 140 kwa saa nane kwa 13.90, utapata euro 15,568 kabla ya makato, kiasi kinachoipita Sperrkonto yenyewe. Sasa kwa nini nikusumbue na akiba ya pembeni? Kwa sababu hesabu hiyo nayo imesahau tarehe. Mwajiri anataka namba ya kodi, na namba hiyo huja kwa barua ya posta baada ya Anmeldung, mara nyingi wiki mbili au tatu baadaye. Kazi nyingi zilizo wazi kwa asiyejua Kijerumani ni za maghala, usafi na kupeleka vyakula, na mshahara hulipwa mwisho wa mwezi au katikati ya mwezi unaofuata. Atakayefika mwishoni mwa Septemba na kupata kazi upesi sana atashika ujira wake wa kwanza Desemba, au Novemba mwishoni akiwa na bahati. Kisha Februari mitihani inaingia. Kazi ndogo za kawaida, Minijob, zina kikomo cha euro 603 kwa mwezi mwaka 2026, ambazo ni kama saa 43, wastani wa saa kumi kwa wiki. Hicho ni kipimo kinachoweza kubebwa na mtu anayesoma kwelikweli. Iweke kazi kwenye bajeti, ila ianze Januari, na ianze na Minijob. Kazi ya msaidizi chuoni ikipatikana ishike kwa mikono miwili: haihesabiwi kwenye zile siku 140, na bosi wako anajua mitihani ni lini.

Wengine hutegemea kutumiwa fedha kila mwezi kutoka nyumbani, na wana sababu nzuri: familia haina mkupuo mkubwa lakini ina kipato cha kila mwezi. Shida ni kwamba kipato hicho kiko kwa shilingi. Shilingi ya Kenya ilishuka hadi zaidi ya 160 kwa dola Januari 2024, kisha ikapanda hadi karibu 130 miezi michache baadaye. Ya Tanzania ilitoka karibu 2,300 mwanzoni mwa 2023 ikafika zaidi ya 2,700 wakati fulani mwaka 2024. Kila euro ikipanda kwa shilingi kumi za Kenya, 992 zile zile zinamdai mzazi shilingi 9,920 zaidi kila mwezi, na mshahara wake haujaongezeka hata senti. Mzazi hatakwambia. Atakopa kwenye chama au SACCO, atachelewesha karo ya mdogo wako, na wewe utagundua mwaka wa pili. Kwa hiyo anayetumiwa kila mwezi aombe jambo moja: fedha zitumwe mwezi mmoja kabla ya kuhitajika, ili ya Novemba iwe tayari Oktoba, na kiwango kikigeuka vibaya pawe na wiki za kujipanga. Hilo linahitaji mwezi mmoja wa ziada mwanzoni, yaani tunarudi kwenye ile akiba ya pembeni.

Utapewa ushauri mwingi kuhusu chakula, na mwingi ni sahihi. Pika mwenyewe, kula kwenye Mensa, kantini ya chuo, ambako sahani ni euro tatu au nne, nunua Aldi, Lidl au Penny, rudisha chupa za plastiki zenye amana ya senti 25 kila moja, na unga wa mahindi wa duka la Waafrika uwe wa mwisho wa wiki. Fanya yote hayo. Lakini tofauti kati ya mlaji mwangalifu na mzembe haizidi sana euro 80 kwa mwezi, wakati tofauti kati ya mji na mji inaweza kufika mara tano ya hiyo. Taasisi ya Moses Mendelssohn, inayofuatilia kodi za vyumba vya kushiriki, ilipata wastani wa nchi wa takriban euro 489 mwanzoni mwa muhula wa baridi wa 2024/25; München ulikuwa karibu 790. Kumbuka BAföG inahesabu 380. Anayechagua München kwa sababu ya jina la chuo ameshatumia fungu la makazi mara mbili kabla hajanunua chumvi. Na Chuo Kikuu cha Ufundi cha München kimeanza kutoza karo wanafunzi wapya wa nje ya Ulaya tangu muhula huo huo, euro 2,000 hadi 6,000 kwa muhula kutegemea kozi na ngazi, kama jimbo la Baden-Württemberg linavyotoza 1,500 kwa muhula tangu 2017. Hizo hazimo ndani ya 992. Mji ni uamuzi wa bajeti mkubwa kuliko mwingine wowote utakaofanya, na unafanyika ukiwa bado Dodoma, Kisumu au Bukoba, siku unapojaza fomu ya maombi. Omba chuo cha Chemnitz, Magdeburg au Jena sambamba na hicho cha ndoto zako, na ombi la bweni la Studierendenwerk, taasisi ya huduma za wanafunzi, litume siku ile ile unapopata barua ya kukubaliwa, kwa kuwa foleni za mabweni ni ndefu na hazingojei viza yako.

Kuna matumizi ambayo hayamo kwenye mwongozo wowote wa chuo, nayo ni ya nyumbani. Wiki mbili baada ya kufika utaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi ya binamu, kadi ya mchango ikiwa na jina lako na kiwango cha chini tayari. Utafuata msiba, kisha bati za nyumba ya bibi. Watu hawaombi kwa ubaya. Waliuza kiwanja, na machoni pao aliye Ulaya ameshavuka. Wapo wanaoshauri ukatae yote mpaka umalize masomo. Siwaungi mkono, maana fedha za Sperrkonto zenyewe ni michango ya watu hawa hawa, na udugu unaofungwa miaka mitatu haufunguki kirahisi. Ila tarehe hapa pia inasaidia. Kwenye mfano wetu ziada inaanza Januari. Waambie kabla ya kusafiri, mbele ya wazazi, kwamba mpaka mwisho wa Desemba huna uwezo wa kuchangia chochote, na kuanzia Januari utakuwa na kiasi fulani kwa mwezi, tuseme euro 30, kwa shughuli zote za ukoo. Ukisema mapema, ni utaratibu. Ukisema baada ya kadi kufika, ni kiburi, hata ukieleza vipi.

Atakayesoma mpaka hapa anaweza kuuliza kwa haki: tarehe zenyewe hubadilika, sasa bajeti ya tarehe ina faida gani? Ni kweli hubadilika, lakini si kwa upande mmoja. Bili za Ujerumani hukatwa moja kwa moja kwenye akaunti siku iliyoandikwa, na bima ya afya ikichelewa kuunganishwa hukata miezi miwili kwa pamoja, kwa kuwa inahesabu tangu ulipoanza masomo. Zinazochelewa ni pesa zinazoingia. Kwa hiyo kila pato liandike kwa tarehe ya mbali inayowezekana, na kila bili kwa tarehe ya karibu. Chukua daftari la kawaida, kurasa 12, ukurasa mmoja kwa mwezi. Kushoto tarehe za kuingia, kulia tarehe za kutoka, chini kinachobaki. Ukurasa wowote ambao chini yake una alama ya kutoa ndio unaokuhitaji leo. Usisahau zinazokuja mara moja moja: ada ya muhula mwingine, ambayo vyuo vingi huitaka Januari au Februari na tena Julai au Agosti, na anayepuuza tarehe hiyo hufutwa kwenye orodha ya wanafunzi, na hesabu ya maji na joto, ambayo mwenye nyumba ana miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kukuletea, hivyo nyongeza ya baridi ya mwaka huu inaweza kudaiwa mwakani. Amana nayo usiihesabu kwa nauli ya kurudi likizo, kwani hurudishwa baada ya kuhama, na mara nyingi miezi kadhaa baadaye.

Ukurasa muhimu kuliko zote ni wa 12. Mwezi huo Sperrkonto imekwisha, na ofisi ya wageni, inapoongeza kibali cha kuishi, inataka tena ushahidi wa fedha za mwaka unaofuata: fungu jipya kwenye akaunti, mkataba wa kazi unaofikia kiwango, ufadhili, au mdhamini aliyejiandikisha rasmi. Familia nyingi hudhani zimelipa mara moja tu. Shahada ya uzamili ni miaka miwili, na ya kwanza ni mitatu au zaidi. Waambie waliokuchangia, mkiwa bado mmekaa pamoja, fedha za mwaka wa pili zitatoka wapi na ifikapo mwezi gani ziwe zimepatikana. Kama jibu ni kazi, lengo lako la mwaka wa kwanza ni Kijerumani, kwa sababu ndicho kinachokutoa ghalani.

Fanya kazi ya daftari hilo kabla ya kukata tiketi. Ukurasa wa Oktoba ukionyesha upungufu na hakuna fedha za pembeni, usisafiri kwa matumaini ya kupata msamaria uwanja wa ndege. Ngoja muhula. Vyuo vingi vya serikali havitozi karo, na kuomba upya kupitia uni-assist, kituo kinachopokea maombi ya wanafunzi wa kigeni kwa niaba ya vyuo, hugharimu euro 75 kwa kozi ya kwanza na 30 kwa kila inayoongezwa. Ni chini ya robo ya upungufu wa Oktoba.